Mguu wa Kashinje

Goti la Velibor lilianza kuvimba Jumanne baada ya mazoezi, na Alhamisi jioni suruali haikupanda tena. Febronia ndiye aliyegundua, kwa sababu ndiye aliyekuwa akimpelekea maji ya kuoga. Alitua ndoo mlangoni pa chumba cha uani, akabisha, na mlango ukajifungua wenyewe kwa kuwa kitasa kilikuwa hakishiki tangu masika. Mzungu alikuwa ameketi kitandani, suruali ya mazoezi imemkwama gotini, jasho linamtoka kama mchimba dhahabu aliyetoka duarani.

"Mama Innocent," alisema, "shikamoo."

Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake. Tangu afike Bugarama alimwamkia kila mtu, hata watoto wa chekechea, na akiwa na jambo la kuficha ndiyo kabisa, anaweza kukuamkia mara tatu kwa pumzi moja. Febronia alimzidi miaka michache tu, lakini alishachoka kumsahihisha.

"Marahaba. Hilo goti limefanya nini?"

"Kidogo tu."

"Kidogo? Baba, hilo si goti, hilo ni tikiti maji."

Velibor akacheka, kisha kicheko kikamwishia. "Usimwambie Baba Innocent. Tafadhali. Jumapili ipite kwanza."

Jumapili hiyo ilikuwa si ya mchezo. Timu yake, Nyota ya Bugarama, ilihitaji ushindi mmoja tu ipande daraja, na mji mzima, kuanzia wachimbaji hadi wauza mitumba, ulikuwa hauzungumzi kingine. Mwenyekiti wa timu, Bwana Nasibu, mnunuzi wa dhahabu mwenye sauti kubwa kuliko redio, alikuwa amelisema mbele ya watu: Mzungu akicheza mechi ile mpaka filimbi ya mwisho, ataongezewa mkataba wa misimu miwili. Asipoweza, asante kwa kuja, njia ya Kahama anaijua, mabasi yapo. Velibor alikuwa na miaka thelathini na sita. Timu nyingine ya kumchukua haikuwepo, si Tanzania wala kwingine, na yeye mwenyewe alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Febronia akaingiza ndoo ndani, akachuchumaa, akaligusa lile goti kwa kiganja. Lilikuwa la moto.

"Twende zahanati."

"Nimekwenda zamani. Malaysia. Daktari akasema ndani hakuna kitu tena, mfupa na mfupa. Nikasema asante, nikacheza miaka mitatu." Alikuwa akizungumza Kiswahili kwa vipande vipande, lakini kila kipande alikiweka mahali pake. "Mama Innocent, mimi sijui kazi nyingine. Na mama yangu yuko peke yake. Baba alipokufa, alibaki na mpira wangu tu. Kila mechi anapiga simu: umecheza? Nasema nimecheza. Halafu anakwenda kuwaambia majirani wote, anafurahi wiki nzima. Siku nikimwambia nimeacha, nitamwambia kwa mdomo gani?"

Febronia alikwenda jikoni, akachemsha maji na chumvi, akarudi na taulo, akamkanda goti kimya kimya kama angemkanda Innocent, mwanawe aliyekuwa shule ya bweni Tabora na ambaye chumba hicho kilikuwa chake. Alimwonea huruma mpaka akajikasirikia.

Velibor alikuwa kiungo. Ansgar, mume wa Febronia, ambaye ndiye mtunza vifaa wa timu, alikuwa amemweleza mkewe maana ya kiungo kwa kutumia visoda vya bia juu ya meza: huyu ndiye anayepokea mpira kwa mabeki na kuwapa washambuliaji, goli likiingia hatajwi, timu ikifungwa anazomewa yeye wa kwanza. "Ni kama wewe hapa nyumbani," Ansgar alisema, na hilo Febronia hakulisahau.

Kwao, katika mji mdogo kando ya mto Morava huko Serbia, kijana Velibor aliwahi kuitwa timu ya taifa ya vijana. Alikaa benchi mechi nzima, akavaa jezi, akaivua ikiwa kavu. Kutoka hapo akapita Hungaria, Kupro, Kazakhstani kwenye baridi ya kukata masikio, kisha Malaysia, kisha Dar es Salaam kwenye timu kubwa iliyomtema baada ya nusu msimu. Bwana Nasibu alimwokota huko na kumleta kwenye vumbi la Bugarama. Nyumba ya kulala wageni aliyopangiwa ilipakana na karasha linalosaga mawe usiku na mchana, akawa halali. Ansgar ndiye aliyesema, "Njoo kwangu, chumba kipo." Alikuja na begi moja. Wiki ya kwanza alikula ugali kwa uma, ya pili kwa mkono, na ya tatu alikuwa akigombea ukoko na Bibi Lusia, mama yake Ansgar.

Na ni Bibi Lusia aliyempa jina. Siku moja mezani Velibor alisimulia kwamba mama yake alipata taabu kumzaa, kwa sababu alitanguliza miguu, na mguu wa kulia ndio uliotokea kwanza. Bibi aliacha kutafuna. Akaomba arudie. Aliporudia, Bibi akapiga makofi.

"Kashinje! Mayu we, tuna Kashinje ndani ya nyumba na mnamlaza chumba kisicho na kitasa!"

Kwa Wasukuma, mtoto aliyezaliwa kwa miguu huitwa Kashinje, na wazee kama Bibi Lusia huamini kwamba mguu wake ni dawa ya mgongo. Asubuhi iliyofuata alitandika mkeka uani, akalala kifudifudi, akamwamuru Mzungu amkanyage. Velibor alimtazama Febronia, Febronia akatazama angani. Basi akamkanyaga, polepole sana, kama anayejaribu barafu. Bibi alinyanyuka, akajinyoosha, akatangaza kwamba maumivu ya miaka yote yamekwisha. Yalirudi baada ya siku mbili, lakini hilo hakulitangaza.

Habari haikukaa. Wachimbaji, watu wanaoshinda wamejikunja chini ya ardhi, hawakosi maumivu ya mgongo. Wakaanza kuja asubuhi, wanaacha kandambili mlangoni, wanalala kwenye mkeka mmoja mmoja. "Kashinje, hapa chini kidogo. Hapo hapo, ngosha!" Waliacha mayai, viazi vitamu, siku moja bata mzima. Velibor hakuwahi kumkatalia mtu. Febronia alimuuliza kama kweli anaamini, naye akajibu, "Mimi siamini. Lakini wao wanaondoka wanacheka."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa. Mguu uliokuwa ukiponya mji mzima ndio huo ulioharibika, na aliyejua alikuwa Febronia peke yake.

*

Jumamosi saa kumi, Bwana Nasibu alifika na gari lake jeupe, nyuma yake wanaume wawili wa kamati ya ufundi. Kila timu ina kamati ya ufundi, na ufundi wake ni wa kiganga, hauhusiani hata kidogo na mpira. Ndiyo inayoamua timu iingie uwanjani kwa geti lipi, nani atangulie, na nani asishikwe mkono. Ansgar aliwakaribisha sebuleni kwa mbio, akifuta viti ambavyo havikuwa na vumbi. Haikuwa kawaida kwa mwenyekiti kuingia nyumba ya mtunza vifaa.

"Tumekaa kikao," Bwana Nasibu alisema, "tukaona sisi ni wajinga. Tunahangaika kutafuta wataalamu Ushetu huko, kumbe dawa tunayo wenyewe. Kesho asubuhi, kabla ya kwenda uwanjani, kila mchezaji atalala chini na Kashinje atamkanyaga mgongoni. Wote. Na wa akiba pia."

"Na mwalimu Mwita anasemaje?" Ansgar aliuliza.

"Mwalimu kazi yake ni kupanga timu. Hii ni kazi ya kamati."

Bibi Lusia, aliyekuwa pembeni akichambua mchele, alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Mguu wa kulia," alisema. "Ule uliotangulia. Wa kushoto hauna kitu."

Velibor aliitwa. Aliingia amevaa suruali pana, akitembea vizuri kabisa, na Febronia peke yake ndiye aliyejua kinachomgharimu kutembea vizuri vile. Aliamkia wote, akaelezwa, akasikiliza. Kwenye paji la uso wake kijasho kikaanza kutoka.

"Sawa," alisema.

"Sasa mimi kama kiongozi natangulia," Bwana Nasibu alisema, akavua saa, akavua viatu, akalala kifudifudi kwenye mkeka wa Febronia na shati lake jeupe na tumbo lake lote. "Panda tu, Kashinje. Usiniogope. Simama kabisa, nataka nisikie."

Febronia alikuwa mlangoni, sinia ya soda mkononi. Alimwona Velibor akishika ukuta. Alimwona akihamishia uzito mguu wa kushoto, akiinua wa kulia juu ya mgongo wa yule mtu mnene, na midomo yake ikigeuka myeupe. Aliwaza: leo huyu, kesho timu nzima na wa akiba, halafu jua la saa kumi uwanjani na vijana wa miaka ishirini wanamjia kwa daluga. Atavunjika mbele ya mji mzima, na mji huu unaompenda utacheka, kwa sababu watu hucheka. Na mimi nitakuwa nilijua.

"Mwenyekiti, inuka," alisema.

Hakuna aliyeelewa. Bwana Nasibu aligeuza shingo. "Nani, mimi?"

"Inuka, nakuomba. Mguu huo haukanyagi mtu leo wala kesho. Goti limekufa. Limevimba toka Jumanne, namkanda tangu juzi. Hawezi kucheza. Mkimchezesha mtamtoa amebebwa."

Bwana Nasibu aliinuka kwa shida, maana mgongo wake kweli ulikuwa mbovu, akapangusa tumbo. Hakumtazama Velibor, alimtazama Ansgar.

"Mchezaji anaumwa ndani ya nyumba yako, wewe mtunza vifaa hujui, mke wako anajua?"

Mmoja wa kamati akacheka. Febronia alitamani ardhi ipasuke, si kwa ajili yake, kwa ajili ya mumewe.

"Pandisha suruali," Bwana Nasibu akamwambia Velibor. Mzungu wa watu akapandisha suruali mbele ya wageni watatu kama mtoto anayekaguliwa kucha shuleni. Walilitazama lile goti. Hata aliyecheka akaacha.

"Basi," mwenyekiti alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Edson ataanza badala yake. Mkataba tena hakuna, hilo tuelewane. Lakini kesho atakuja, atakaa kwenye kiti, wachezaji watapita chini ya mguu wake. Auweke tu, asibonyeze. Mji mzima umeshaambiwa."

*

Jioni ile nyumba haikukalika. Ansgar alimfuata mkewe jikoni.

"Tunalala kitanda kimoja, Mama Innocent. Goti la mchezaji wangu unalo moyoni, na mimi nakoroma tu pembeni kama gunia."

"Aliniomba."

"Na mimi? Mimi ningemtangaza?"

"Ungemwambia mwalimu. Wewe huwezi kudanganya, uso wako unasema wenyewe."

Ansgar akafikiri. Ilikuwa kweli, na ikamkera zaidi kwa kuwa ilikuwa kweli. "Nimeaibishwa nyumbani kwangu," alisema, lakini alikuwa ameshakaa kwenye kigoda na kuanza kumenya vitunguu, na kwa Ansgar hiyo ndiyo ilikuwa namna ya kusamehe.

Velibor hakuja kula. Febronia alimpelekea sahani, akamkuta anapaka rangi nyeusi viatu vyake vya mpira, viatu ambavyo hatavivaa.

"Umenimaliza, Mama Innocent," alisema bila kuinua kichwa. Safari hii hakumwamkia.

"Nimekumaliza," Febronia alijibu, na machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa. "Nikasirikie. Nimekusaliti, najua. Lakini mimi nakupenda kama mdogo wangu wa tumbo moja, na sikuweza kusimama na soda mkononi nikitazama. Nilijaribu. Sikuweza."

Velibor aliendelea kupaka viatu rangi. Febronia aliacha sahani sakafuni, akatoka. Asubuhi aliikuta pale pale, ugali umekauka, na roho ikamuuma kuliko lile neno lake, umenimaliza.

*

Velibor alikwenda. Febronia alidhani angejifungia, lakini alioga, akavaa jezi ya timu, akakaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya darasa la shule ya msingi walilolitumia kubadilishia nguo, na wachezaji wakalala mmoja mmoja sakafuni. Aliweka mguu kwenye kila mgongo, kama alivyoagizwa, bila kubonyeza. Ansgar alimsimulia mkewe baadaye kwamba Edson alipolala, kijana ambaye ndiye anachukua nafasi, Velibor aliinama akamsemesha kwa muda: mchezaji wao wa kushoto hurudi polepole, mpira wa pili usiukimbilie, usubiri. Edson alikuwa akiitikia huku shavu lake limeshikana na saruji.

Nyota ilishinda bao moja kwa bila. Edson hakufunga, alitoa pasi iliyotoa pasi iliyofunga, na hakuna aliyemtaja. Filimbi ilipolia, watu waliruka kamba. Febronia, aliyekuwa amesimama na Bibi Lusia upande wa goli, aliwaona wakipita wachezaji wote, wakipita hata mfungaji, wakikimbilia benchi. Walimnyanyua Velibor mabegani. Wachimbaji aliowakanyaga, wauza mitumba, akina mama wa sokoni. "Kashinje! Kashinje!" Walimzungusha uwanja mzima. Kuna aliyemvua kiatu cha mguu wa kulia, wakawa wanaugusa kwa zamu.

Velibor alicheka, akapunga mkono kama inavyotakiwa. Alipopita karibu, Febronia akamwona macho. Amecheza mpira nchi sita, aliwaza, amekimbia tangu ana miaka saba, na siku anayobebwa mabegani ndiyo siku ambayo hakugusa mpira. Wanamshangilia kwa namna alivyozaliwa. Febronia alitaka kucheka na kulia, akashindwa kuchagua, akamshika Bibi mkono wakaanza kurudi nyumbani.

*

Mama yake Velibor alipiga simu saa moja kasoro, wakati Ansgar akianika jezi uani na Febronia akipepeta moto. Velibor alikuwa ameketi kwenye benchi, goti limefungwa taulo la maji ya chumvi. Hakuwa bado amezungumza na Febronia, ila mchana alikuwa amekula, sahani nzima, na akairudisha jikoni mwenyewe. Aliitazama simu ikiita mpaka karibu ikatike. Kisha akaipokea.

Uso wa mama mwenye miwani na nywele fupi za mvi ukatokea kwenye kioo. Alisema jambo kwa furaha, kwa sauti ya kuuliza, na Febronia hakuhitaji kujua lugha ili ajue ameuliza nini. Mama akauliza tena. Velibor akatazama taulo.

Bibi Lusia, ambaye hajawahi kuvumilia ukimya wa mtu kwenye simu, akamnyang'anya.

"Mayu! Mwadila!" alimwamkia Kisukuma kwa kelele, maana kwa mawazo yake Ulaya ilikuwa mbali na lazima upaaze. "Mwanao tunaye hapa. Ni mtu mzuri sana. Jana aligoma kula, leo amekula. Wabeja, mayu, asante sana!" Akamrudishia. "Haya, mwambie nilivyosema."

Velibor alishika simu kwa mikono miwili. Akaanza kuzungumza Kiserbia, kwanza polepole, halafu maneno yakaja yakifuatana, na katikati yake Febronia alisikia neno moja tu analolijua, likijirudia: Bibi, Bibi, Bibi. Maneno mawili matatu ya Bibi Lusia yalikuwa yamezaa hotuba. Ansgar aliacha kuanika, jezi inamchuruzikia miguuni. Kwenye kioo, yule mama alivua miwani, akaziba mdomo kwa mkono, akasikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kitu, si kirefu, akabusu vidole vyake, na kioo kikazimika.

Febronia ndiye aliyeshindwa kujizuia.

"Mama kasema machache. Wewe umesema mengi."

Velibor aligeuka kumtazama, mara ya kwanza tangu jana. "Nimemwambia Bibi amesema goti limekwisha. Bibi amesema hakuna mpira tena. Bibi amesema nirudi nyumbani nikatibiwe."

"Mimi nimesema hivyo?" Bibi Lusia aliuliza.

"Ndiyo, Bibi. Samahani."

Bibi akalipima lile jambo. "Basi nimesema," akaamua, "na nisibishiwe."

"Na mama yako?" Febronia aliuliza kwa upole. "Amejibu nini?"

Velibor alijipangusa uso kwa mkono wa jezi. Alikuwa akitabasamu, na machozi yakimshuka bila aibu yoyote.

"Amesema nimshukuru Bibi. Amesema hilo neno, yeye ana miaka mitatu anaogopa kuniambia."